Sifuri ya Pili

Kosa la mjinga lina nafuu yake. Mjinga akikosea, jirani humcheka, na kicheko kikiisha humsahihisha. Lakini adhaniwaye kuwa ajua akikosea, ni nani atakayemcheka? Watu huinamisha vichwa, huandika alilosema, na huenda nalo nyumbani. Hivyo kosa moja huzaa makosa mengi, na kila mojawapo huvaa joho la elimu. Nataka kusimulia kosa la namna hiyo. Nililitenda mimi mwenyewe mbele ya wanafunzi ishirini na watatu, na chanzo chake kilikuwa sifuri moja niliyoisoma na sifuri nyingine nisiyoisoma.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili ya bweni, yenye wavulana na wasichana. Nilipotoka chuo cha ualimu, zaidi ya miaka kumi iliyopita, nilifika shuleni na sanduku la nguo, vitabu vichache na ubao wa sataranji. Nguo zimechakaa, vitabu vimeazimwa visirudi, lakini ubao umebaki. Kwa ubao huo nilianzisha chama cha sataranji, ambacho hukutana kila Ijumaa jioni baada ya masomo. Chama chetu hakina mali nyingi. Tuna mbao sita, saa mbili za kupimia muda, na kete ambazo baadhi yao zimepoteza vichwa. Farasi mmoja mweusi alipotea kitambo, na mahali pake pamekaa kizibo cha chupa ya soda. Wanafunzi hukiheshimu kama farasi mwingine yeyote. Tuna pia kompyuta moja ya zamani katika pembe ya maktaba, na ndani yake mna programu ya kucheza sataranji.

Yeyote aliyeonja sataranji ajua kwamba mchezo huanza kwa kete 32, na kwamba kete hizo hupungua kwa kuliwa hata zikabaki chache. Sehemu hiyo ya mwisho tutaiita tamati. Mtu aweza kudhani kuwa tamati ni rahisi kwa sababu kete ni chache. La hasha! Uwanja ulio wazi una njia nyingi kuliko msitu. Mabingwa wakubwa wamepotea katika tamati zenye kete nne tu.

Wataalamu walitambua zamani kuwa tamati yaweza kuhesabiwa yote, pasipo kubahatisha. Kazi hiyo huanzia mwisho, si mwanzo. Kwanza huorodheshwa kila hali ambamo mfalme amekwisha kufungwa. Kisha hutafutwa kila hali ambayo kwa hatua moja yaweza kufika hapo. Halafu kila hali iliyo nyuma kwa hatua mbili, na tatu, na kumi, hata pasisalie pa kurudi. Hali ambazo hesabu hiyo haikuzifikia huwa ni sare. Orodha kamili ya majibu hayo huitwa jedwali la tamati. Mjerumani Thomas Ströhlein aliandika tasnifu juu ya hesabu ya namna hii mwaka 1970. Mmarekani Ken Thompson aliiendeleza katika miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 2012 majedwali ya kete saba yalikamilishwa huko Moscow, na ndani yake zilionekana hali ambamo mshindi huhitaji zaidi ya hatua 500 ili ashinde. Mwaka 2013 Ronald de Man alitoa majedwali yaitwayo Syzygy, ambayo yamefinywa kwa ufundi mkubwa: yale ya kete tatu mpaka tano hayafiki gigabaiti moja, yale ya kete sita ni kama gigabaiti 150, na yale ya kete saba, yaliyokamilika mwaka 2018, yazidi terabaiti 16. Tazama jinsi kete moja tu inavyozidisha kazi!

Mwanzoni mwa mwaka 2023 rafiki yangu alinipa majedwali ya kete tatu mpaka tano katika flashi. Niliyanakili jioni moja katika kompyuta ya maktaba. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi, nikaiamuru kompyuta iruke faili zilizokwisha kunakiliwa na iendelee na zilizobaki. Kisha nikaandika katika mipangilio ya programu mahali majedwali yalipowekwa, nikafunga mlango, nikaenda kula. Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya chama nikasema, “Tangu leo, kete zikibaki tano, kompyuta hii haikosei.” Wanafunzi walipiga makofi. Nami niliyapokea makofi yale ilhali sikuwa nimeijaribu kazi yangu hata mara moja.

Mwezi wa Juni mwaka huo tulialikwa kushindana na shule jirani. Kikosi kilitaka wachezaji sita, na watano walikuwa wamekwisha kupatikana. Nafasi ya sita iligombewa na wawili: mvulana wa kidato cha tatu na msichana wa kidato cha pili. Mvulana alikuwa mbele kwa nusu pointi, hivyo sare ilimtosha. Msichana hakuwa na budi kushinda. Walicheza Ijumaa, nayo safari ilikuwa kesho yake asubuhi.

Mchezo ulikuwa mrefu. Kengele ya chakula cha jioni ilipolia, ubaoni palikuwa na kete tano tu. Msichana alikuwa na mfalme mweusi na farasi wawili, mmoja wa mti na mmoja wa kizibo. Mvulana alikuwa na mfalme mweupe na askari mmoja, na mbele ya askari huyo alisimama farasi wa kizibo, amemzuia asipite.

“Ni sare, mwalimu,” alisema mvulana. “Wewe mwenyewe ulitufundisha kuwa farasi wawili hawawezi kumlazimisha mfalme afungwe.”

“Alitufundisha habari za mfalme aliye peke yake,” alijibu msichana. “Huyu ana askari. Naona naweza kushinda, mwalimu, nikipewa muda.”

Muda haukuwapo. Nikawaambia wote wanifuate penye kompyuta. Nilizipanga zile kete tano katika kioo, nikabonyeza, tukangoja. Programu ilifikiri kwa dakika nzima, kisha ikaonyesha hukumu yake: 0.00. Maana ya sifuri hiyo ni kwamba hakuna aliye mbele ya mwenziwe. Nikatangaza, “Sare.” Mvulana alishusha pumzi. Wengine walianza kukusanya kete.

Msichana hakulia wala hakunung’unika. Alitazama kioo kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, kompyuta imesoma jedwali, au imekisia?”

“Kompyuta haikisii,” nikamjibu, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko swali lake.

Alisema, “Ahsante, mwalimu,” akaenda kula.

Usiku ule sikupata usingizi mwema. Jibu langu lilikuwa la uongo, nami nilijua kuwa ni la uongo hata nilipokuwa nalitamka. Programu ya sataranji hukisia sana. Isipokuwa na jedwali, hutazama mbele hatua kadhaa, hupima hali kwa makadirio, na hutoa tarakimu. Makadirio hayo ni mazuri mno, hata mwanadamu adhani ni ujuzi kamili. Lakini makadirio ni makadirio. Tena programu haina aibu. Ikiwa na jedwali hutoa tarakimu. Isipokuwa nalo pia hutoa tarakimu. Haisemi, “Samahani, kitabu changu kimefungwa, hapa nabahatisha.” Lugha ya ujuzi na lugha ya kubahatisha, kinywani mwake, ni moja.

Siku ya Jumamosi mwenzangu mmoja alikipeleka kikosi mashindanoni, na mvulana akiwa mtu wa sita. Mimi nilibaki shuleni, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa zamu. Baada ya chakula cha mchana niliingia maktaba, nikazipanga tena zile kete tano. Sifuri ikatokea mahali pake kama jana. Lakini safari hii nilisoma kioo kizima, neno kwa neno, kama nisomavyo karatasi ya mtihani. Chini, kwa maandishi madogo, palikuwa na mstari uonyeshao mara ngapi programu imesoma majedwali. Penyewe palikuwa na sifuri ya pili.

Nilikaa kitini kwa muda nisifanye kitu. Sifuri ya kwanza ilisema, “Sioni aliye mbele.” Sifuri ya pili ilisema, “Wala sikufungua kitabu.” Jana zote mbili zilikuwa mbele ya macho yangu. Niliisoma ile iliyonifaa.

Hapa yanipasa kueleza kwa nini msichana yule alikuwa na haki ya kudai ushindi. Farasi wawili na mfalme wao waweza kumsukuma mfalme mpweke mpaka pembeni. Lakini pale wanapotaka kumbana, mara hujikuta wamemfungia njia zote bila kumshambulia. Asiposhambuliwa naye hana hatua ya kucheza, mchezo huwa sare. Umaskini wake ndio ngao yake. Mpe askari mmoja, na ngao huanguka. Sasa anayo hatua ya kucheza: atake asitake, zamu yake ikifika atamsogeza yule askari, na wakati anapomsogeza, farasi hupata nafasi ya kumfunga mfalme wake. Mali yake ndogo humponza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakuwa wakisema habari za sataranji.

Mrusi Alexey Troitsky, aliyefariki mwaka 1942, aliichunguza tamati hii kabla ya kuwapo kompyuta. Alichora mstari katika ubao: askari akizuiwa na farasi kabla ya kuuvuka mstari huo, mwenye farasi hushinda wafalme wakae wapi, ingawa pengine itachukua hatua nyingi mno. Majedwali yalipokuja miaka mingi baadaye, yaliuthibitisha mstari wake. Mwanadamu mmoja, kwa ubao na subira, aliona lile ambalo kompyuta yetu haikuliona. Na msichana wa kidato cha pili, asiyepata kulisikia jina la Troitsky, alikuwa ameuona mwanzo wake.

Basi nikaanza kutafuta kasoro. Msomaji, ukitaka kutengeneza kitu kilichoharibika, usianze kwa kubadili kila kitu. Anza na swali dogo kabisa lenye jibu la ndiyo au siyo. Swali langu la kwanza lilikuwa hili: je, programu imeyaona majedwali? Niliifunga nikaifungua upya, nikitazama maneno inayoyatoa inapoamka. Ilisema imepata majedwali 0. Tangu mwezi wa kwanza ilikuwa ikisema hivyo kila siku, wala hapakuwa na wa kuisikiliza.

Swali la pili: je, nimeielekeza mahali pa kweli? Majedwali ya Syzygy yana faili za namna mbili. Zile ziishiazo na herufi rtbw husema matokeo tu: ushindi, sare au kushindwa. Zile ziishiazo na rtbz huonyesha njia, yaani umbali uliobaki mpaka kete iliwe au askari asogezwe. Nilikuwa nimeziweka katika folda mbili, na katika mipangilio nikaziandika folda zote mbili nikizitenga kwa koma. Kumbe kompyuta yetu, ambayo hutumia mfumo wa Linux, hutaka zitengwe kwa nukta pacha. Ingekuwa ya Windows ingetaka nukta mkato. Kwa ajili ya koma ile, programu ilizidhani folda mbili kuwa ni folda moja yenye jina refu la ajabu, ikaitafuta, ikaikosa, ikanyamaza. Miezi mitano ya fahari yangu ilisimama juu ya koma moja.

Niliandika folda ya kwanza peke yake, ili nijue lipi linatibu lipi. Programu ikaamka ikasema imepata majedwali 145, nayo ndiyo idadi kamili ya majedwali ya matokeo kwa kete tatu mpaka tano. Nikafurahi. Nikapanga farasi wawili na askari, nikabonyeza. Programu ikafa papo hapo. Haikutoa tarakimu; ilijifunga, ikaniacha na kioo kitupu. Nilijaribu tena, ikafa tena. Nilipanga mfalme na ngome dhidi ya mfalme mpweke, ikafanya kazi vizuri. Nikarudia farasi wawili, ikafa. Nilihangaika Jumamosi yote na Jumapili, nisipate dawa. Lakini jambo moja nilikuwa nimelijua: ugonjwa haukuwa wa programu nzima, ulikaa katika chumba kimoja tu.

Ijumaa ilipofika nilisimama tena mbele ya chama. Mvulana alikuwapo, amerudi na ushindi mmoja na kushindwa mara mbili. Msichana alikuwapo, amekaa nyuma. Miguu yangu ilikuwa mizito. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kutayarisha somo, kupanga ubao na kusahihisha daftari. Hatukufundishwa namna ya kusimama mbele ya watoto na kusema tumewadhulumu. Nilisema hivi: “Wiki iliyopita niliulizwa swali jema nikalijibu vibaya. Kompyuta haikusoma jedwali. Ilikisia, nami nikawaambia haikisii. Aliyeuliza alikuwa na haki, na nafasi aliyoikosa sasa siwezi kumrudishia. Naomba radhi.”

Kimya kilikuwa kikubwa. Nilitazamia minong’ono, lakini haikuja. Kisha mvulana akainua mkono, akauliza kama jedwali sasa linasomwa. Nikamwambia bado, na kwamba nahitaji msaada wao.

Nikawaeleza nilichokisoma wiki ile katika maelezo ya majedwali: faili ya Syzygy iliyo nzima, ukubwa wake kwa baiti ukigawanywa kwa 64, husalia 16. Isiposalia 16, faili imeharibika, na programu yaweza kukataa kuendelea. Niliandika ubaoni ukubwa wa faili zote 145, nikazigawa kwa wanafunzi ishirini na watatu, kila mmoja sita au saba. Sijapata kuona darasa la hisabati likigawanya kwa bidii kama ile. Hakuna aliyeuliza kama somo hili litatoka katika mtihani. Majibu yakaanza kuitwa: “Kumi na sita! Kumi na sita! Kumi na sita!” Kisha sauti moja ikasema, “Sifuri.” Na nyingine karibu yake, “Sifuri.” Tulipomaliza tulikuwa na faili saba zenye baki ya sifuri, na zote zilifuatana kwa alfabeti. Ya farasi wawili dhidi ya askari ilikuwa miongoni mwao.

Hapo nilikumbuka umeme. Faili zile saba ndizo zilizokuwa zikinakiliwa taa zilipozimika. Majina yao yalikuwa yamekwisha kuandikwa, lakini vilivyomo havikukamilika; na umeme uliporudi, kompyuta iliona majina, ikadhani kazi imekwisha, ikaziruka kama nilivyoiamuru. Programu nayo ilihesabu majina 145, ikaridhika. Jina la kitu si kitu. Mara ngapi sisi walimu tumehesabu majina katika daftari la mahudhurio, tukadhani tumehesabu akili zilizohudhuria!

Nilizinakili upya faili zile saba kutoka katika flashi. Safari hii sikuridhika na ukubwa peke yake, kwa kuwa faili yaweza kuwa na urefu sahihi na ndani mna uharibifu. Kila faili ina tarakimu zake za uthibitisho, zinazokokotolewa kutokana na kila baiti iliyomo. Baiti moja ikibadilika, tarakimu hubadilika. Nilizilinganisha zote, za folda ya kwanza na za folda ya pili. Zikawa sawa.

Tukapanga kete tano kwa mara nyingine. Programu haikufa. Mahali pa sifuri ya pili pakajaa tarakimu zilizokimbia kama mita ya petroli, na mahali pa sifuri ya kwanza pakatokea neno ambalo chama kizima kilikuwa kikilingojea: ushindi kwa mweusi. Wanafunzi walimgeukia msichana. Yeye aliendelea kutazama kioo, kisha akasema, “Tuione ikishinda.”

Tuliiamuru programu icheze pande zote mbili. Ikacheza hatua kumi, ishirini, thelathini. Farasi wakazunguka na kurudi walikotoka, mfalme mweusi akaenda kulia akarudi kushoto. Kila hatua programu ilisisitiza kwamba inashinda, na kila hatua haikukaribia ushindi. Mvulana ndiye aliyetambua. “Inajua kwamba itashinda,” alisema, “lakini haijui njia.” Naam, nilikuwa nimeisahau folda ya pili. Nikaiandika kando ya ile ya kwanza, nikiitenga kwa nukta pacha, nikawaita wanafunzi wawili waisome nukta ile kabla sijabonyeza. Sasa programu ilikwenda kama mtu anayerudi kwao. Farasi wa mti na mfalme wakamsukuma mfalme mweupe pembeni, ilhali farasi wa kizibo amesimama imara mbele ya askari. Kisha, kwa wakati wake, kizibo kikaondoka. Askari, asiye na hiari, akasogea. Mfalme wake akafungwa. Darasa likapiga kelele hata msimamizi wa maktaba akaja mlangoni.

Hadithi ingeweza kwisha hapo, lakini mvulana hakukubali iishe. Aliniomba hali ile irudishwe ubaoni, wao wawili waumalizie mchezo waliokatizwa, bila kompyuta. Tukafanya hivyo Ijumaa iliyofuata. Kanuni ya sataranji husema kwamba hatua 50 za kila upande zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezaji aweza kudai sare. Jedwali lilikuwa limeonyesha kwamba ushindi ungepatikana ndani ya hatua hizo, mradi kila hatua iwe sahihi. Mwanafunzi mmoja alikaa kando akihesabu kwa kupiga vijiti katika daftari.

Msichana alicheza vizuri. Alimsukuma mfalme mweupe pembeni, akampoteza, akamsukuma tena. Kwenye hatua ya 40 alimfikisha karibu na pembe, na mvulana alikuwa akitoka jasho. Lakini njia ya jedwali ni nyembamba, na binadamu huitembea gizani. Vijiti vilipofika 50, askari alikuwa bado amesimama mbele ya kizibo. Mvulana hakudai kitu. Alinyoosha mkono tu.

Wapo wakubwa waliopatwa na jambo hilo. Walter Browne, aliyekuwa bingwa wa Marekani, alipopambana mwishoni mwa miaka ya 1970 na jedwali la Ken Thompson, akiwa na malkia dhidi ya ngome, alishindwa kumaliza ndani ya hatua 50. Alikwenda akajifunza, akarudi, akafaulu katika hatua ya mwisho kabisa. Nilimsimulia msichana habari hiyo ili nimfariji, maana niliogopa kuwa sasa ataona kwamba hukumu yangu ya kwanza ilikuwa sawa: sare kwa sare.

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akatabasamu. “Si sawa, mwalimu,” alisema. “Ile ilikuwa sare ya kompyuta. Hii ni yangu.”

Maneno hayo nimeyafikiri sana. Kweli sikuwa nimemnyima ushindi. Ushindi hakuna aliyekuwa nao mkononi. Nilikuwa nimemnyima haki ya kujaribu, na nilimnyima kwa kumwonyesha tarakimu. Kama ningemwambia, “Mimi sijui, na kengele imelia,” angalipoteza nafasi ile ile ya safari, lakini asingalipoteza imani katika akili yake. Dhuluma yangu haikuwa katika kutojua. Kila mwalimu ana mambo asiyoyajua, na mwanafunzi mwema humsamehe. Dhuluma ilikuwa katika kuufunika ujinga wangu kwa kioo cha kompyuta.

Kompyuta ile ingali katika pembe ya maktaba. Juu yake nimebandika kipande cha karatasi chenye maneno matatu: “Imesoma au imekisia?” Wanafunzi wapya hudhani niliyatunga mimi. Huwaambia ni nani aliyeyasema kwanza, na nilimjibu nini.

Nawe kijana usomaye, utaishi miaka mingi kati ya mashine zitakazokupa majibu ya upesi, na kati ya watu wazima watakaozitegemea mashine hizo. Usizidharau, kwa kuwa zina hazina kubwa, wala usiziogope. Mtu akikuonyesha sifuri moja na kukuambia shauri limekwisha, muulize kwa adabu akuonyeshe na ile ya pili. Akikukaripia, vumilia. Huenda usiku huo asilale, na kesho yake akafungue kitabu.